Jina Ambalo Mama Halitamki

Juma lililopita niliwaacha pabaya. Mama alikuwa anatazama sakafu, afande anamtazama mama, na mimi natazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyoniudhi.

Kwa wewe unayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, karibu, nakusogezea kigoda. Mimi ni Atupele, mzaliwa wa Makwale, Kyela, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi huko Dar es Salaam. Nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Polandi. Ndiyo, Polandi. Ndiyo, fasihi. Swali lako nalijua, maana Kyela nzima imeshaniuliza: hadithi za kwetu ndizo ukazisomee kwa Wazungu?

Tangu nichaguliwe sijapumua. Simu yangu ilitumbukia Mto Mbaka na barua zote za chuo zikiwa ndani. Mjomba aliyeahidi kunishika mkono akaoa mke wa pili na kuacha kupokea simu. Nikayavuka yote hayo, nikabakiwa na jambo moja tu: pasipoti. Chuo cha Polandi kinataka namba yake Ijumaa. Ijumaa ikipita, nafasi yangu anapewa mwingine.

Na ile ofisi, ambayo siisemi iko wapi kwa sababu bado nina shida nayo, ikataka mzazi aje aulizwe habari za ukoo. Huku kwetu mpaka uko jirani, wanauliza sana. Baba yangu Hezroni alishafariki. Akaja mama.

“Mama, narudia,” alisema afande. “Baba mzazi wa mume wako anaitwa nani?”

Kimya.

“Humjui?”

“Namjua.”

“Yu hai?”

“Yupo. Leo asubuhi amekula, nimempikia mimi.”

“Umempikia. Haya, anaitwa nani?”

Mama akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso.

Afande alikuwa mgeni, lafudhi yake ya mbali kabisa, simlaumu. Kwetu mke wa mtu halitamki jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni wala haongei naye. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Mama yangu hajaacha. Babu akitaka kukata kona ya nyumba hukohoa kwanza, na mama akisikia kikohozi hicho anaingia migombani mpaka mzee apite. Wameishi hivyo tangu kabla sijazaliwa, kiwanja kimoja, njia mbili.

“Afande,” nikadakia, “anaitwa Ambwene. Hiyo ni mila, mama hawezi…”

“Nimekuuliza wewe?”

“Hapana, afande.”

“Juzijuzi alikuja kijana hapa na mama wa kukodi. Kamtoa ng’ambo huko, kamvalisha, kamkaririsha majina. Kila kitu mama yule alikuwa anakijua. Nilipomuuliza jina la mkwe, akababaika.” Akatuangalia kwa zamu. “Unanielewa, binti?”

“Unasema nimemkodi mama yangu?”

“Mimi sijasema. Nauliza.”

Hapo mama aliinua kichwa. “Mimi wa kukodi?” Sauti yake ilifika mpaka kwenye benchi la nje, watu wakaacha kuongea. “Huyu nilimzaa mvua inanyesha, daraja limekatika, nimebebwa kwenye baiskeli mpaka zahanati! Wa kukodi?”

“Basi taja jina tumalize.”

Mama akakaa.

Nilitamani kumtikisa. Nasema ukweli wangu wote hapa, msinihukumu mapema. Jina lenyewe fupi, pumzi moja tu, na Polandi yangu ilikuwa imening’inia hapo.

“Alhamisi,” akasema afande. “Njooni na mzee mwenyewe. Mama akae hapa, mzee akae pale. Mzee akisema huyu ni mkwe wake, nagonga muhuri. Akisema simjui, tutaongea lugha nyingine.”

Tulipotoka tukapita dukani kwa Hanifa, rafiki yangu tangu shule ya msingi, anayemsaidia baba yake kuuza khanga na viatu karibu na stendi. Nikamsimulia huku nazunguka dukani, nakunja khanga zilizokwisha kukunjwa.

“Shoga, hebu kaa, unanitia kizunguzungu,” akasema. Akamgeukia mama. “Mama Atu, si useme tu mara moja? Afande si mkwe wako. Mzee mwenyewe hatasikia.”

“Hanifa mwanangu,” mama akajibu taratibu, “mdomo huu ndio ninaoonjea mboga yake. Nikishalitaja jina lake, nitaonjea nini?”

Hanifa akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.

Njia nzima mpaka Makwale sikumsemesha mama. Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Unajua nilichaguliwaje kwenda Polandi? Tuliambiwa tuandike juu ya jambo la fasihi kutoka nyumbani kwetu. Wenzangu wakaandika ngano na mashairi. Mimi nikaandika juu ya staha ya wakwe wa Kinyakyusa, jinsi mwanamke anavyoongea mwaka hadi mwaka akilizunguka jina moja. Nikasema ukimya huo nao ni fasihi. Profesa wa kule akajibu kwamba hajapata kusoma kitu kizuri namna ile.

Ukimya uliokuwa mzuri kwenye karatasi ndio huo sasa umenikalia kooni.

Babu nilimkuta barazani, anageuza kokoa kwenye mkeka.

“Mugonile, babu.”

“Ugonile, mjukuu wangu. Umepata hicho kitabu cha kuvukia?”

“Sijapata. Mama amekataa kutaja jina lako.”

Babu akacheka mpaka akakaa. “Ukoo mzima unalitaja, mpaka wajukuu wakorofi mnalitaja, yeye anakataa!” Akajifuta macho. “Hivi Polandi wanalima ndizi?”

“Hawalimi, babu. Kuna baridi.”

“Wanakula nini?”

“Viazi.”

“Pole yako.” Akanyanyuka tena, akashika reki. “Mwambie mama yako alitaje tu. Mimi mwenyewe nimeruhusu.”

Mama alikuwa nyuma ya migomba anapepeta mchele. Ungo wake ulikuwa umenyamaza zamani, amesikia kila neno. Lakini kwetu hajasikia mpaka mimi nifike na kusema. Kazi hiyo naifanya tangu nilipojua kutembea, mimi ndiye simu yao. Nikiwa chuoni wanaelewana kwa kikohozi na sufuria: mama anaacha bakuli la chakula kwenye kisiki kilicho katikati ya njia, anagonga sufuria, anaondoka, babu anakuja kuchukua.

Nikaenda.

“Mama, babu amesema ulitaje. Ameruhusu.”

“Mwambie ndaga fijo. Ila ruhusa hiyo sikuiomba.”

Nikarudi barazani.

“Nimesikia,” akasema babu, kisha akajishtukia. “Haya, amesemaje?”

“Anasema asante sana, lakini hakuomba ruhusa.”

Babu akageuza kokoa kimyakimya. Nikadhani amechukia. Kumbe anatabasamu.

“Mkaidi,” akasema. “Mwambie Alhamisi nitakwenda mwenyewe. Nitakaa nimegeukia ukuta, naye apite nyuma yangu. Hapo hakuna aliyemwonea mwenzake haya.”

Nilirudi kwa mama nikikimbia. Aliposikia kwamba mzee atapanda pikipiki mpaka mjini, na mgongo wake ule, kwa ajili yake, aliweka ungo chini akafunika uso kwa viganja.

Lazima niwaambie kwa nini. Baba alipofariki, ndugu zake walitaka mama arudishwe kwao Bujonde, na mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kikao kikakaa. Babu akawaambia huyu ni binti yangu, anayetaka kumtoa aanze kunitoa mimi. Akamkatia shamba la kokoa hapohapo. Mama hakuwahi kumshukuru kwa mdomo, angemshukuruje? Alishukuru kwa kumheshimu. Kila alipoingia migombani alikuwa anasema asante.

Haya yote nilikuwa nayajua. Hata kwenye ile karatasi ya Polandi niliyaandika, aya nzima, na rejea chini yake. Kuyajua kwangu kulikuwa kwa namna hiyo.

Alhamisi nikaamka kabla ya kuku. Nilipanga kila kitu: babu atangulie na Aliko wa bodaboda, mama na mimi tufuate na bajaji, wasikutane njiani. Nikampigia mama kitenge kipya pasi. Nikatazama miguu yake.

Mama ana kandambili zake, nadhani tuna umri mmoja mimi na zile kandambili. Zimeshonwa kwa waya, na ya kushoto inampiga kisigino kila anapokanyaga. Pwa. Pwa. Nikaona haya. Nikawaza, afande akiziona hizi ndiyo basi, atasema mama huyu kweli kaokotwa.

Tulipofika mjini nikaazima viatu kwa Hanifa, vya ngozi, vyenye kisigino kifupi.

“Vinanibana,” mama akalalamika.

“Vumilia, mama. Ni leo tu.”

Babu tulimkuta ameshaingia. Kofia ipo mapajani, kiti kimegeuzwa, pua inakaribia kugusa kalenda ya ukutani. Watu wa kwenye benchi walikuwa wanabanwa na kicheko. Mama akasimama karibu na mlango, kitenge mpaka machoni.

“Shikamoo, mzee,” akasema afande.

“Marahaba, mwanangu.”

“Mkwe wako, mke wa marehemu Hezroni, unamfahamu?”

“Vizuri sana.”

“Geuka umwangalie, uniambie kama ni huyu.”

“Sigeuki. Na hata nikigeuka haitasaidia, sijawahi kumwona uso.”

Benchi likapasuka kwa kicheko. Afande mwenyewe akatabasamu, nami nikafurahi kuliona tabasamu lile. Bora asingetabasamu.

“Sasa utamjuaje, mzee?”

“Kwa hatua zake. Nazisikia kila siku ya Mungu. Hata akipita kwenye majani mabichi nitamjua.”

“Kweli?”

“Jaribu.”

Afande akasimama. Nadhani kazi ya siku ile ilikuwa imemchosha, akapata cha kumchangamsha. Akanyooshea kidole wanawake wawili kwenye benchi. “Wewe, na wewe, na mama huyu. Pita mmojammoja nyuma ya mzee. Asiongee mtu.”

Akapita wa kwanza. Babu akainamisha kichwa, hakusema kitu. Akapita wa pili. Hakusema kitu.

Akapita mama.

Ko, ko, ko, ko.

Ndipo nilipotazama miguu yake: viatu vya Hanifa.

“Wapite tena,” akasema babu.

Wakapita tena. Nilitaka kupiga kelele, afande akaweka kidole mdomoni kunizuia. Babu alifumba macho. Niliona kidole chake kikigonga kofia taratibu, kinatafuta kitu ambacho hakikuja.

“Hayupo,” akasema.

“Una hakika, mzee?”

“Mwanangu, mimi ni mzee, sijawa kiziwi. Mkwe wangu hayumo humu.”

Afande akafunga faili. Kicheko cha benchi kilikatika.

“Viatu!” nikapiga kelele. “Afande, si vyake, nimemwazima mimi, avue apite tena…”

“Kaa chini, binti.”

“Nakuomba, ni viatu tu!”

“Ulianza na mila, sasa viatu. Mzee wenu wenyewe amemkana.” Akavuta simu ya mezani. “Huyu mama hatoki humu mpaka nijue katoka wapi.”

Babu aliposikia hivyo akahangaika kwenye kiti.

“Atu,” akaita, bado anatazama kalenda. “Atu, mama yako hakuja? Umenileta mbele ya watu kusema uongo? Huyu ni nani uliyemleta?”

Nikatazama viatu vile.

Mama ndiye aliyejibu. Kwanza alivua viatu vya Hanifa, akavipanga vizuri kando ya meza. Kisha akashusha kitenge mabegani. Akatembea peku mpaka pale penye nafasi ndogo kati ya kiti cha babu na ukuta, akasimama mbele ya macho ya mzee.

“Andika,” akamwambia afande, lakini hakumtazama yeye. “Baba mkwe wangu ni Ambwene. Ambwene wa Makwale. Mume wangu alipokufa, wenzake walitaka kunirudisha kwetu na mtoto mgongoni. Ambwene akasema huyu ni binti yangu. Umeandika? Ambwene.”

Halafu sauti ikashuka, akamwita baba kwa Kinyakyusa.

“Tata, ni mimi.”

Babu alimtazama mama. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo zile zenye vumbi, akarudi usoni, akakaa hapo. Mimi nilianza kulia, nasema bila haya, nililia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Afande alikuwa wa kwanza kuinamisha macho. Akafungua faili, akaandika, akagonga muhuri.

“Kesho asubuhi njoo uchukue,” akaniambia polepole.

Babu akavaa kofia. Akasimama, akashika ukuta, akatoka. Nilipofika nje pikipiki ya Aliko ilikuwa imeshashika barabara ya Ipinda kurudi nyumbani.

Basi Polandi yangu niliipata. Nilikuwa nimeitaka mpaka silali, na ilipokuja sikuweza hata kumwambia mama ndaga. Alikaa kwenye bajaji akiwa peku, viatu vya Hanifa tumeshavirudisha, na kandambili zake ziko kwenye mfuko wangu. Nilimpa. Akazishika tu mkononi mpaka nyumbani.

“Mama, amekasirika?”

“Sijui.”

“Lakini aliruhusu mwenyewe.”

“Aliruhusu niliseme akiwa hayupo.” Akageukia mashamba ya mpunga. “Mimi nimelisema mbele ya macho yake. Na yeye kanikana mbele ya watu. Sijui nani amemvunjia mwenzake heshima zaidi.”

Jioni akapika ndizi na samaki mbasa, chakula ambacho babu hajawahi kukiacha. Nilimwangalia kutoka mlangoni. Alikoroga, akafunua, akafunika. Hakuonja.

Akanipa bakuli nipeleke. Babu alikuwa barazani, kofia bado kichwani, mkeka wa kokoa umeachwa bila kukunjwa na wingu la mvua limeshatanda upande wa ziwa.

“Babu, chakula.”

Akalitazama bakuli.

“Rudisha.”

“Babu, nakuomba. Kosa ni langu, ni mimi niliyemvalisha vile viatu…”

“Nimesema rudisha. Mwambie alete mwenyewe.” Akaweka kiganja kwenye ubao wa baraza, pembeni yake. “Mpaka hapa.”

Nilirudi na bakuli. Mama alikuwa amesimama jikoni, na safari hii hakuwa amesikia, maana babu alikuwa ameongea chini sana.

“Amesemaje?”

Nikamwambia.

“Alisema kwa sauti gani?”

Hapo, wasomaji wangu, elimu yote ilinikimbia. Miaka miwili nafundishwa kusikiliza sauti za wahusika, huyu ana hasira, huyu ana majuto, thibitisha kwa mifano. Babu yangu mwenyewe alikuwa amesema maneno machache mbele yangu na sikujua anamwita binti yake au anamwita mkosaji.

“Sijui, mama.”

Akachukua kijiko, akachota mchuzi kwenye bakuli, akaonja.

“Chumvi imepungua,” akasema. Akaongeza chumvi. Akaingiza miguu kwenye kandambili, akabeba bakuli kwa mikono miwili, akashika njia ambayo hajawahi kuimaliza.

Pwa. Pwa. Nilisimama jikoni nikizisikiliza. Zikafika kwenye kisiki. Zikakipita.

Halafu babu akakohoa. Kikohozi kilekile cha siku zote, cha kumwambia mama aingie migombani.

Kandambili zikasimama.